Sauti Nyuma ya Blanketi

Tangu nirudishe funguo za ofisi, naamshwa na watu wanaohesabu. Chumbani hawamo. Wamo kichwani mwangu, pale kwenye mpaka wa kulala na kuamka, wanahesabu moja hadi kumi kwa lugha ambazo nyingine sikuwahi kuzijua vizuri. Mmoja akiishia sita, mwingine anapokea saba. Miaka yote niliyofundisha isimu hapa Mbarara niliwaomba watu wanihesabie, na sasa naona wameamua kuendelea bila kuombwa. Nawasikiliza mpaka jua lifike kwenye pazia. Sijui kama ni ugonjwa au ndiyo pensheni yenyewe.

Nyinyi wadogo zangu wa idara mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wanaopenda kutunza makaratasi. Mimi nitasema habari za siku za mwanzo, za vyombo, za Profesa aliyenifundisha, na za mzee mmoja wa Kashojwa, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambaye nilimkosea kwa miaka mingi huku nikidhani nafanya kazi safi. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya nishike kalamu, lakini niacheni nifike kwake kwa mwendo wangu.

Nilizaliwa katika nyumba za askari, kambini hapa Mbarara. Baba alikuwa koplo. Jirani wa kulia walikuwa Waacholi, wa kushoto Walugbara, mkabala nasi familia ya Kiteso, na sisi Wanyankole katikati, na watoto wote tulichezea uwanja mmoja kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha amri na cha kuazimana chumvi. Hakikuwa na adabu ya vitabu, lakini kilitosha kugombana na kupatana siku hiyo hiyo. Nilipoanza shule mjini, wasichana wenzangu walinicheka. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki na ya wezi. Nilirudi nyumbani nalia, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, aliinama kufungua kamba za buti akaniambia: "Wewe, hii maneno ya kambi bakisha hapa kwa geti. Kule shule ongea ile ya watu ya mji."

Nikayabakisha getini. Nilijifunza Kinyankole cha ndani kabisa, cha wafugaji wa zamani, mpaka walimu wakadhani nimelelewa na bibi kizaa bibi huko kwenye malisho. Nilikuwa na haya, na ile haya nilikua nayo bila kujua kwamba ninayo.

Siku yangu ya kwanza chuoni, Profesa hakunipa darasa. Tulimwita Profesa tu, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Alikuwa mtu mwembamba anayetembea bila kutoa sauti, na alichukia milango inayolia. Alinikalisha mbele ya kinasa sauti kikubwa cha kaseti, akanivika spika za masikioni, akasema, "Wiki hii usiandike kitu. Sikiliza." Akaondoka. Kwenye kanda kulikuwa na mwanamke anataja majina ya viungo vya mwili kwa lugha ambayo sikuijua. Kufikia Jumatano nilikuwa nikimwota mchana, kichwa kikiwa mezani. Kufikia Ijumaa ningeweza kumtambua sokoni kwa namna anavyovuta pumzi.

Kutoka kwa Profesa nilipata sheria zote za kazi, nyingine mnazitumia hadi leo bila kujua zilikotoka. Usibadilishe betri baada ya kufa, badilisha kabla. Usimwulize mtu mzima goti linaitwaje bila kumweleza sababu, maana atakuona umerukwa na akili. Anza kwa kuhesabu, kwa sababu kila mtu anajua kuhesabu, na mtu akishajua jibu moja mbele ya mashine hofu inamtoka. Shughulikia kuku kwanza. Hili la kuku alilisema kwa uzito uleule wa mengine, na ni kweli: sina lugha hata moja niliyorekodi ambayo haina jogoo ndani yake.

Sheria yake kubwa ilihusu nani wa kurekodiwa. Tafuta mzee, alisema, mwenye meno mengi, aliyezaliwa, akakua na kuolewa katika kilima kilekile, asiyesafiri. Mtu wa hivyo lugha yake haijaguswa. Waliosafiri sana uwaamkie, uwashukuru, uwaache. Nikaandika ndani ya jalada la daftari, nikapiga mstari chini yake. Wala sikujiuliza mimi mwenyewe, mtoto wa uwanja wa kambini, ningewekwa kundi gani.

Safari ya kwanza ya Nakivale tulikwenda kwa pikapu ya idara. Mkitoka mjini kuna migomba kila upande, kijani mpaka macho yanachoka, halafu kidogo kidogo inapungua, vilima vinakuwa vya nyasi na ng'ombe wenye pembe ndefu, na vumbi linakuwa jeupe. Ziwa linatokea bila kujitangaza. Asubuhi ukungu ukiwa juu yake huwezi kusema maji yanaishia wapi. Nilikuwa kijana, sijala, na nilijiona naingia mahali ambapo nimewahi kuota. Tulipita Base Camp tukafika Kashojwa, na hapo nikasikia kitu ambacho sijawahi kukieleza vizuri darasani. Kwaya ya Wakongomani ilikuwa ikifanya mazoezi, waendesha boda walikuwa wakiitana, mama mmoja anauza samaki, na kati ya mlango mmoja na mwingine lugha zilibadilika kama vivuli vya mawingu. Nilisimama barabarani nimeachama. Boda ilinikosa kidogo tu.

Nilikuwa natafuta mtu wa Kinyindu, lugha ndogo ya milima ya Kivu Kusini. Wakaniongoza kwa Mama Nabintu. Alikuwa mwanamke mrefu, mtulivu, mwenye meno yote. Alikuwa amezaliwa, kukua na kuolewa juu ya mlima mmoja, na hakuwahi kushuka mpaka vita vilipomshusha. Profesa angempigia magoti. Binti yake Nabintu, aliyempa mama yake jina hilo, alikuwa msichana wa sekondari, na ndiye aliyetuletea viti. Lakini aliyetupokea kwanza, aliyetoka mbele mikono wazi akisema kabla hajafika, alikuwa mume, Baba Nabintu.

"Karibu, Mwalimu, karibu! Ni Kinyindu njo unatafuta? Umefika fasi yake. Miye nilitembea mingi. Bukavu, Uvira, Kalemie, yote ile nilipita na kamyo. Kila fasi nilibeba maneno kidogo. Niulize miye! Huyu mama hakutokaka ku mulima yake."

Mama Nabintu alitabasamu akitazama chini. "Umusikilize, Mwalimu. Ule mutu hata akilala iko nasema."

Ilikuwa kweli. Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote ya kwao, na maneno yake yalikuwa na matope ya barabara zote. Alianza sentensi kwa Kinyindu, akaichukua katikati kwa Kimashi, akaimalizia kwa Kiswahili cha kwao na Kifaransa kidogo juu, na mwisho akatia neno la Kinyankole alilookota kwa waendesha boda, analitamka vibaya na kwa furaha. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikamwamkia, nikamshukuru, nikamwacha, kama nilivyofundishwa.

Basi tukaanza. Nilikuja na blanketi zito la kijivu, la kijeshi, nikalitundika mlangoni kuzuia kelele. Ndani tulikaa mimi na Mama Nabintu na mashine. Nje, nyuma ya blanketi, alikaa Baba Nabintu kwenye kigoda chake, maana hakuwa tayari kukosa. Mama Nabintu angesimulia jinsi walivyokuwa wakitega ndege, na kutoka nje sauti ingesema, "Mwambie na ile siku ya mvua!" Angetaja jina la mti, na sauti ingesema kwamba Uvira mti ule wanauita vingine. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, na kila alipotaka kuingia alikohoa kidogo kwanza, akidhani hiyo ndiyo adabu. Mama Nabintu alimjibu bila kugeuza kichwa. Hivyo ndivyo walivyoishi, mtaelewa: mmoja anasema, mwingine anaingia.

Niliporudi ofisini nilimkata. Siku za kaseti nilikata kwa kunakili kutoka mashine moja hadi nyingine, nikisimamisha kanda kila alipokohoa, nikiiachia alipomaliza. Ilipokuja kompyuta kazi ikawa tamu zaidi. Unaona sauti kwenye skrini, vilima vyake, unaweka alama mwanzo, unaweka alama mwisho, unabonyeza, na mtu hayupo. Nilikuwa hodari. Wengine waliniletea kanda zao niwasafishie. Nilijua kuunganisha pumzi ya Mama Nabintu kabla ya mume wake na pumzi yake baada ya mume wake, mpaka mgeni asikie mwanamke mmoja anayesimulia peke yake ndani ya ukimya mkubwa. Wageni waliokuja kusikiliza walifumba macho. Na mimi, lazima niseme, nilikuwa nikifumba macho pamoja nao.

Kaseti zenyewe zilikuwa adimu. Nilizifuta na kuzitumia tena, kwa wanafunzi na kwa lugha nyingine. Faili ndefu za mwanzo nilizifuta pia, kompyuta zilipojaa. Nani anatunza maganda baada ya kumenya?

Nilikwenda Kashojwa miaka mingi, mara nyingi wakati wa likizo za chuo. Nilihamia Juru, hukohuko Nakivale, kwa muda kufuatilia Kiswahili cha Warundi wanaolima maharage na mahindi huko, nikajifunza kuendesha baiskeli nikiwa mtu mzima mwenye digrii, na watu wa Juru hawajanisamehe vichekesho nilivyowapa. Lakini kila mara nilipitia kwa Mama Nabintu. Profesa alifariki. Nikapewa chumba chake, na mlango ukaanza kulia, sikuupaka mafuta. Nabintu alikua, akajifunza ushonaji, akafungua kibanda karibu na soko, akapata watoto. Baba Nabintu alizidi kuzeeka na kuzidi kusema. Alipofariki nilikuwa mbali na Mbarara. Nilikwenda kuwapa pole majuma kadhaa baadaye, nikakaa na wanawake kwenye mkeka, na nakumbuka nilichofikiria wakati ule, nami ninaona aibu kukiandika: nyumba imetulia, leo tungerekodi vizuri.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, nikiwa nafungasha vitabu kwenye maboksi, Nabintu alibisha hodi ofisini. Alikuwa amekuja kutoka Nakivale asubuhi ile, amevaa kitenge kipya alichokishona mwenyewe. Hakukaa mpaka nilipomlazimisha.

"Mwalimu, deja banatupatia siku. Tunaenda. Miye, batoto, na mama. Ni mbali, kule ku baridi. Avio iko mwisho wa mwezi."

Nikampongeza kwa kupata nchi ya kuwapokea na ndege ya kuwapeleka. Hakufurahi.

"Mama anakataa. Anasema hapandi avio. Uso wa baba anauona, picha tuko nazo. Sauti njo imepotea. Kila asubui anakaa anatafuta, anatafuta, haipate. Anasema, nikiacha kaburi hapa, na sauti haina, bwana yangu atabakia wapi? Na siku zile simu zetu zilikuwa za kupiga tu, hakuna mutu alimurekodi." Akanitazama. "Ila weye. Weye ulikuyaka na mashine miaka yote ile. Na ule baba alikuwa anasema!"

"Nina masaa na masaa," nilimwambia. Nilisema papo hapo, kwa fahari, hata kabla ya kufikiri. Nabintu akashika mikono yangu yote miwili, akaipigia goti kidogo kama wanavyofanya, akaondoka mbio kuwahi gari. Niliketi, nikajimiminia chai, na chai ilipofika kwenye midomo ndipo nilipokumbuka nilichofanya.

Siku nne nilikaa na spika masikioni. Maboksi yalisubiri, katibu wa idara alisubiri, mwenye kuchukua chumba alipita mlangoni mara mbili akikohoa, na kila alipokohoa niligutuka. Nilifungua faili moja baada ya nyingine. Mama Nabintu anatega ndege. Mama Nabintu anapika. Mama Nabintu anahesabu. Mgeni asingesikia kitu, lakini mimi niliyekata nilijua pa kusikiliza: kuna mahali pumzi yake inaruka kidogo, na mara nyingine anacheka bila sababu. Alikuwa akicheka kwa maneno ya mumewe, na maneno nilikuwa nimeyatoa. Mchana wa siku ya tatu, kwa uchovu, nilianza kumsikia pale kwenye maungio. Mkohozo, kisha neno moja. Nikirudisha, hakuna. Nikiacha faili iende nikisinzia, yupo. Nikawa naogopa kuamka na naogopa kulala.

Nililia, nawaambieni. Nilitumia maisha yangu nikiokoa sauti za watu zisipotee, na hii moja niliipoteza mwenyewe, kwa bidii, nikishangiliwa. Tena nilijua kwa nini. Sheria ya Profesa ilikuwa kisingizio tu. Yule mzee alisema kama tulivyosema sisi uwanjani kambini, maneno ya kila mtu yamechanganyika mdomoni, na mimi nilishaambiwa lugha ya namna hiyo inabaki getini.

Siku ya nne nilimaliza faili, nikaanza kabati. Chini kabisa, nyuma ya masanduku ya mitihani, kulikuwa na kinasa sauti changu cha kwanza cha kwendea Nakivale. Kilikuwa kimekufa zamani na sikuwa na moyo wa kukitupa. Nilipokitikisa kiligonga. Kifuniko hakikufunguka. Nikatazama kupitia kidirisha chenye vumbi, nikaona kanda imekaa ndani, imemezwa, na ukingoni mwake herufi za mwandiko wangu: Kashojwa.

Kuna fundi wa redio karibu na barabara ya kambi ya jeshi, mzee aliyestaafu jeshini, alikokuwa akitengeneza mitambo ya mawasiliano. Alikiweka kinasa sauti mezani, akakizungusha, akakipulizia.

"Nyabo, hii mashine iko muzee kushinda mimi," alisema. "Ilikula kanda. Lakini hapana kata. Wewe iko na bahati."

"Wewe naweza toa yeye pole pole?" nilimwuliza. "Hii kitu hapana ingine. Ikikatika, maneno yote kwisha."

Akaniinulia macho. "Afande nani alikuzaa?" Ndipo niliposikia kilichotoka kinywani mwangu. Nilimtajia jina la Baba. Hakumjua, lakini alitikisa kichwa kama anayemjua, akachukua bisibisi ndogo. Ilimchukua mchana mzima. Alinikabidhi kaseti, na memori kadi aliyonakilia pande zote mbili.

Nilisikilizia nyumbani, mlango nimefunga. Mwanzo ni upepo, jogoo bila shaka, kisha sauti yangu ya ujana, kavu, inayotaka kuonekana kubwa: "Haya, Mama. Kichwa." Mama Nabintu anajibu. "Jicho." Anajibu. "Sikio." Halafu mkohozo. Nikashika meza.

"Mwalimu," anasema Baba Nabintu kutoka nje, "na ile ya sikio, uliza pia kule Uvira bana—"

"Baba Nabintu, tafadhali. Nyamaza. Unaniharibia kanda."

Halafu yeye, polepole, sauti ile nzito: "Pardon, Mwalimu. Aksanti. Nimenyamaza." Na kwa mkewe: "Mama Nabintu, sema sasa muzuri. Sauti yako ifike fasi ya mbali." Mama Nabintu anacheka. Mimi sicheki. "Pua," nasema. Na orodha inaendelea, pande zote mbili, na yeye hasemi tena.

Hayo ndiyo yote. Maneno ya mtu anayekubali kunyamazishwa, na aliyemnyamazisha yumo ndani, anasikika vizuri kumshinda.

Niliifungua ile sauti kwenye kompyuta. Niliviona vilima vyake. Nikaweka alama mwanzo wa sentensi yangu, nikaweka alama mwisho wake. Ningeweza kujitoa mle, na kuunganisha, na hakuna binadamu angejua: mzee angemshukuru mtu asiyekuwapo kwa jambo lisilosemwa, halafu angemwambia mkewe maneno mazuri. Nabintu angefurahi. Kidole kilikaa juu ya kitufe kwa muda ambao sikuupima. Kisha nikafunga kompyuta bila kukata. Sitaki mnione shujaa. Nilikuwa nimechoka tu kukata.

Nilifika Kashojwa kabla ya saa sita mchana, siku tano kabla ya safari yao. Nyumba ilikuwa nusu tupu, mabegi mapya yamepangwa ukutani. Mama Nabintu alikuwa amekonda. Aliniamkia kwa upole uleule, akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za kustaafu, na hakuuliza kuhusu lile lililonileta. Nabintu alikaa sakafuni karibu na miguu yake. Niliweka kispika kidogo juu ya kiti kati yetu, nikaingiza kadi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, nimeyapanga kama mhadhara.

Upepo, jogoo, kichwa, jicho, sikio. Mkohozo. Mama Nabintu aliweka kiganja kifuani. Mume akaanza kusema, mimi nikamkatiza, na Nabintu akainua uso akanitazama mara moja, na haraka akashusha macho. "Pardon, Mwalimu. Aksanti. Nimenyamaza." Mama Nabintu wa kwenye kanda alipocheka, huyu wa kwenye kiti akacheka naye, kicheko kilekile, kizee kidogo.

Aliomba irudishwe. Nikairudisha. Akaomba tena. Mara ya nne akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Ule mutu hakunyamazaka ku mutu hata moya," alisema. "Hata ku miye. Ku weye alinyamaza."

"Ndiyo, Mama. Mimi ndiye niliyemwambia. Na zile siku nyingine zote, alikuwa anasema, nami nilimtoa. Nilidhani anaharibu. Hakuna nyingine iliyobaki, Mama Nabintu, ni hii tu, na hapa ndipo inapoishia, baada ya hapo hasemi tena, na mimi nimekuja—"

Kanda ilikuwa bado inaenda. Sauti yangu ya zamani ilikuwa ikisema "bega", ikisema "mkono". Mama Nabintu aliinua kidole.

"Nyamaza kidogo, Mwalimu. Bado iko."

Nilidhani huzuni imemzidi. Nikamtazama Nabintu, naye alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye kispika, mdomo wazi.

"Iko natosha maharagi mu maganda," Mama Nabintu alisema. "Sikiliza beseni."

Nikanyamaza. Nilisikiliza kama sijawahi kusikiliza katika maisha yangu ya kulipwa kwa kusikiliza. Na kweli, chini ya maneno, mbali, nyuma ya blanketi, kulikuwa na maharage yanayoangukia kwenye beseni la bati: mawili, matatu, kimya, ganda linapasuka, matatu tena. Mtu asiye na haraka. Kanda ilipoisha, Nabintu akauliza kama kuna upande wa pili.